Kitovu cha Fromaji

Ukimwuliza Papa Mulumeoderhwa mambo yaliharibika lini, hasiti. Atakwambia: Jumatatu, tarehe nne Desemba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, siku komite ilipomkalisha Valentin kwenye kiti cha jeran, yaani meneja, wa duka. Hakutajii Jumatano ya juma lililotangulia, siku mke wake Généreuse alipofariki. Kifo, anasema, ni kazi ya Mungu, na Mungu hakuchaguliwa na komite. Valentin alichaguliwa. Kwa hiyo Valentin atajibu.

Duka lenyewe lilikuwa la Généreuse, ingawa siku hizi ukisema hivyo mbele ya komite watu wanaanza kukohoa. Alianza na beseni kichwani, akizunguka mtaa wetu wa Mapendo, Goma, nyumba kwa nyumba akiuza jibini ya Masisi, ile sisi tunayoiita fromaji. Mteja wake mmoja akahamia Bukavu, ng'ambo ya ziwa, akampigia simu: nitumie moja kwa boti. Akatuma. Yule akamwambia jirani, jirani akamwambia dada yake, na kabla Généreuse hajajua, simu ndiyo ilikuwa beseni. Binti yake Clarisse akamfungulia ukurasa wenye picha, ukaitwa Fromaji ya Kwetu. Oda zinaingia asubuhi, boti inaondoka mchana, na jioni watu wa Bukavu wanakula. Barabara ya Masisi ikifungwa, fromaji zilipita kwa pikipiki, njia ambazo zinajulikana na pikipiki na Mungu peke yao.

Biashara ilipokua, komite ikazaliwa. Ndivyo tulivyo: watu watatu wakipata faida, wa nne anakuja kuwa presida.

Kazi ya Papa Mulumeoderhwa ilikuwa kupaka chumvi, kugeuza fromaji kwenye mbao, na kulinda depo. Shule ilimwacha darasa la tatu, na tangu hapo hakumwamini mtu mwenye kalamu mfukoni. Valentin alikuwa nazo mbili.

Basi, mwezi wa kwanza wa Valentin, oda zikapungua. Mwezi wa pili zikapungua tena. Bukavu, ambako fromaji ya Généreuse ilikuwa haikosekani kwenye meza ya watu wenye heshima zao, kukawa kimya kama nyumba ya mdeni. Mbao za depo zikajaa, na Papa akawa anageuza fromaji zile zile juma baada ya juma mpaka, alivyosema mwenyewe, zikaanza kumjua jina.

Valentin hakukaa bure. Hilo lazima lisemwe, hata kama Papa hapendi lisemwe. Kwanza alileta mpiga picha, akaweka fromaji juu ya kitambaa cheupe, pembeni akapanga zabibu.

"Bwana jeran," Papa akauliza, "hizi zabibu ni za wapi? Masisi banalima zabibu?"

"Ni za foto tu, muzee. Soko imebadilika. Leo batu bananunua na macho."

"Zamani balikuwa bananunua na magoti?"

"Muzee, acha tufanye kazi."

"Fanyeni, fanyeni. Mimi naona tu. Zabibu za foto, jeran wa foto."

Picha ilipendwa na watu wengi. Waliuliza bei ya zabibu.

Kisha Valentin akashusha bei: nunua mbili, chukua nusu bure. Ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana mtu wa Bukavu ukimpa kitu bure anakinusa mara mbili. Habari ikazunguka kule kwamba fromaji za Goma zimekaa sana, sasa wanazigawa kabla hazijatembea zenyewe. Halafu akaletwa mchekeshaji wa mtandaoni, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, akala kipande mbele ya simu huku amefumba macho akisema mmm. Watu elfu tatu walimtazama. Walioagiza walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mjomba wa Valentin.

Mwisho komite ikafanya semina ya siku nzima kwenye hoteli ya kando ya ziwa, juu ya mada ya kwa nini hakuna pesa. Papa alipinga semina hiyo kwa nguvu zote. Alisema wakubwa wa nchi hii wakiona moto wanaagiza kwanza chai. Alisema hayo akiwa na sambusa ya tatu mkononi.

Lakini dhambi kubwa ya Valentin, ile Papa aliyokuwa akiirudia mpaka majirani wakaijua kwa moyo, ilikuwa nyingine. Siku za kilio Clarisse alitayarisha tangazo la ukurasa, picha ya mama yake na mshumaa. Valentin akamwambia asubiri. "Kifo hakiuzi, Clarisse. Noeli iko karibu, oda ni nyingi. Tupishe sikukuu, komite itaketi." Sikukuu ikapita. Komite iliketi mara nyingi, lakini si juu ya hilo. Mapendo walijua, maana walimzika. Bukavu hawakujua. Na Papa, aliyesema kila siku kwamba ni aibu, ni dharau, ni wizi wa marehemu, hakumwambia binti yake hata mara moja: litume. Aliona hiyo ni kazi ya wakubwa. Kama wakubwa hawafanyi kazi yao, yeye aifanye kwa mshahara gani?

Alikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kabisa. Juu ya kabati la chumba chake, ndani ya kitenge cha Généreuse cha Jumapili, kulikuwa na fromaji moja. Ilitoka kwenye mzigo wa mwisho ambao mke wake aliupokea kabla tumbo halijamwangusha. Ilikuwa na ufa pembeni, haikuweza kuuzwa, akaibeba nyumbani. Tangu siku hiyo haikuliwa. Ilikuwa imekauka, ungeweza kumpasulia mtu kichwa nayo, na Papa alikuwa na orodha ya vichwa. Clarisse aliijua. Alifagia chumba kile kila Jumamosi, akapangusa kabati lote, ila pale hakugusa.

* * *

Katikati ya Februari, kreti nne zilirudi kutoka Bukavu kwa boti. Hazijafunguliwa, isipokuwa moja. Pamoja nazo ikaja sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya duka, na Clarisse akaifungulia katikati ya depo, Valentin amesimama huku, Papa amekaa kule na chumvi mikononi.

"Allô, Fromaji ya Kwetu, bonjour. Ni Mama Christa wa Kadutu. Nawarudishia bintu byenu. Hizi fromaji hazina kitovu! Bakwe yangu balikuja juzi kuangalia binti. Nimeweka meza, nakata fromaji, natafuta kitovu nipatie muzee wao. Hakuna. Nageuza upande wa pili, hakuna! Muzee ananiangalia, mimi niko na kisu mukononi kama muuaji. Nimupatie nini? Pembeni, kama mutoto? Ameondoka bila kumaliza maneno ya mahari. Munataka binti yangu azeekee kwangu juu ya fromaji ya kuiga? Muache wizi. Na mumwambie Mama Généreuse: kuna batu banatumia jina yake."

Sauti ikakatika. Valentin akamtazama Clarisse. Clarisse akamtazama baba yake.

"Kitovu gani?" Valentin akauliza.

Papa hakujua; kishimo cha katikati alikiona akipaka chumvi, asikijali. Miaka yote alikula vipande vya pembeni, vile vinavyobaki mizani ikikataa. Fromaji nzima kwake ilikuwa kitu cha kupaka chumvi. Ni Clarisse aliyeeleza, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mzigo ulipofika kutoka Masisi, fromaji bado laini, mama yake alikuwa akibonyeza kila moja katikati kwa dole gumba. Ikibonyea sana, bado. Ikikataa kidogo, tayari. Hakuwa anaweka alama. Alikuwa anapima tu. Lakini shimo lile dogo lilibaki, fromaji ikakauka nalo, na watu wa Bukavu walipolikuta wakalipa jina. Wakalipa na heshima. Mgeni akija, baba mkwe, padri, shangazi wa kutoka mbali, yeye ndiye anayekatiwa kipande chenye kitovu. Ndiyo maana waliinunua. Si kwa njaa. Kwa njaa kuna muhogo.

"Na tangu mama…" Clarisse akaanza.

"Tangu hapo tunapima kwa kipimo cha kisasa," Valentin akamaliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kalamu. Alikuwa amenunua sindano maalumu ya kuchoma fromaji, ikionyesha namba. Fromaji zilitoka laini juu kama upara.

"Njo vile!" Papa akaruka. "Si nilisema? Si nilisema munaua duka?"

"Muzee, ulisema ni zabibu."

"Nilisema ni wakubwa!"

* * *

Dawa ikaonekana nyepesi. Papa akabonyeza fromaji ishirini kwa dole gumba lake mwenyewe, dole la mtu aliyevunja mawe ya volkano ujana wake wote. Zikaenda Bukavu. Mama Christa akajibu kwa maneno machache: "Nani amekanyaga hii?" Akabonyeza Clarisse. Clarisse ana kucha, shimo likatoka na mpasuko juu, na wateja wakauliza kama ni fromaji au ni kibubu. Valentin akajaribu kwa mpini wa kijiko. Hilo hawakulijibu kabisa. Walitoka tu kwenye grupu ya simu ya wateja, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani padri akiwa bado anahubiri.

Komite ikaja depo nzima nzima. Presida akasema maneno marefu, na mafupi yake ni haya: Pasaka ikipita namna hii, duka linafungwa, ukurasa unafutwa, na kila mtu atafute pa kwenda.

"Fungeni!" Papa akasema. "Kila kitu mumefunga, fungeni na hii."

Lakini alikuwa ameshika nguzo ya mbao. Mbao zile alizipigilia yeye, Généreuse akimshikia taa. Ukurasa ukifutwa, jina la mke wake halitabaki mahali popote ila kwenye msalaba, na msalaba wa Goma wote tunaujua: mbao leo, kuni kesho.

"Kama tungekuwa na hata moja ya zamani," Valentin akasema kwa uchovu. "Moja tu yenye alama yake. Tungetoa umbo."

Halafu Clarisse akasema, akiangalia miguu yake:

"Iko moja."

Papa akamgeukia binti yake kwa jicho ambalo hajawahi kumgeuzia Valentin.

"Papa, inakauka tu pale juu."

"Inakula chakula yako?"

"Panya itakula yenyewe. Ufa unaongezeka, nimeona. Unataka ibaki nini?"

"Nataka ibaki!" Akaketi juu ya kreti. "Hawa bamekula kila kitu. Balikula jina, balikula kilio. Sasa bakule na kidole?"

Valentin, ambaye tungependa aseme jambo la kipumbavu hapa, hakulisema. Alivua kofia. "Muzee," akasema, "ukikataa, mimi sitakuja nyumbani kwako. Na duka itakufa, na utasema ni Valentin. Nimekubali."

Hilo ndilo lililomshinda Papa. Maisha yake yote aliwalaumu watu waliokataa lawama. Hakujua cha kumfanya mtu aliyeipokea. Alfajiri Clarisse akamkuta mlangoni amevaa koti la misa, kitenge cha Jumapili kifuani.

"Twende," akasema, "kabla sijapata akili."

* * *

Munguakonkwa ni fundi wa meno ya bandia pale Birere. Nusu ya tabasamu za mji huu zimetoka mezani kwake. Alifungua kitenge, akaipiga fromaji kwa ukucha, ikalia kama ubao.

"Inaitikia," akasema. "Mwenyewe alikuwa na mukono mudogo." Akakoroga plasta kwenye bakuli la mpira. "Usiogope, muzee. Haitauma."

Hakuna aliyecheka, naye akaona aibu, akamimina.

Papa aliishika fromaji kwa mikono miwili, kama mama anayemshikilia mtoto kwa daktari. Tangu siku Clarisse alipoeleza, jioni nyingi, binti akiwa jikoni, alikuwa akiishusha kabatini na kuingiza dole gumba lake kwenye kile kishimo. Halikuingia. Ncha tu ndiyo iliingia. Alikuwa akikaa hivyo muda, ncha ya kidole kwenye kidole, halafu anaifunga na kuirudisha. Kwa hiyo alijua vizuri kinachofunikwa pale.

Plasta ikakauka. Fundi akavuta taratibu. Ikakataa. Akavuta kidogo zaidi, na ule ufa wa pembeni, ambao ulikuwa ukingojea tangu Novemba, ukakimbia mpaka katikati. Plasta ikatoka, na ngozi yote ya kitovu ikatoka nayo. Palipobaki palikuwa pengo lenye makombo, kama jino lililong'olewa vibaya.

"Pole," fundi akasema. Akapangusa plasta kwa brashi ndogo mpaka ikawa safi, akamwekea Papa kiganjani. "Lakini angalia. Angalia mistari."

Haikuwa shimo tena. Lilikuwa dole gumba lenyewe, jeupe, limepinda kidogo kushoto, na upande mmoja kovu la kisu cha ndizi alilolipata Généreuse mwaka walipooana. Papa alilishika. Lilikuwa baridi. Hakusema neno juu ya komite, wala juu ya Valentin, wala juu ya serikali, na Clarisse alisema baadaye kwamba ndipo alipoogopa.

Plasta haiwezi kazi ya kila siku. Fundi akatoa nakala ya kitu kigumu, na kitu kigumu alichokuwa nacho ni kile cha kutengenezea ufizi wa bandia. Hivyo kidole cha kazi kikatoka rangi ya waridi, chenye mpini wa mbao. Kile cheupe komite ilisema ni mali ya duka, kikawekwa kwenye sanduku la chuma ofisini, na ufunguo mfukoni mwa Valentin, katikati ya kalamu mbili.

* * *

Mwezi wa nne mbao za depo zilikuwa tupu. Bukavu ilirudi yote, na Uvira juu yake. Kwenye mkutano Valentin alieleza kwamba matunda ya kampeni ya picha huchelewa, lakini huja. Hata zabibu zilitajwa kwa heshima. Kidole kilipata sentensi moja. Na kwa kuwa kazi ya kubonyeza ilihitaji mtu mwenye mkono thabiti na asiye na mahali pa kwenda, komite ikampa Papa Mulumeoderhwa cheo. Shefu wa Kitovu. Alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, picha yake amekunja uso.

Kitambulisho alikicheka mbele ya watu, na aliendelea kukivaa hata kanisani. Asubuhi alipanga fromaji laini mstari mmoja, akazipitia na kidole cha ufizi: pa, pa, pa. Kidole cha mke wake kilikuwa sasa kwenye kila meza ya watu wenye wakwe, kutoka Kadutu mpaka Uvira. Juu ya kabati lake palikuwa na kitenge kitupu kilichokunjwa.

"Papa, glavu zimekwisha," Clarisse akamwambia siku moja.

"Nitaangalia."

"Juzi ulisema utaangalia."

"Nimesema nitaangalia! Munafikiri kuwa shefu ni muchezo?"

"Eh. Wakubwa wa nchi hii," Clarisse akasema, na akatoka.

Siku hiyo hiyo sauti ikaingia kwenye simu ya duka. Clarisse aliisikia peke yake kwanza. Kisha akaileta simu ndani ya depo, akaiweka juu ya ubao, kati ya fromaji mbili, akaifungua.

"Mama Généreuse! Allô, Mama Généreuse, ni Christa wako! Kitovu imerudi, Mungu asifiwe. Nimeiona tu nikasema: huyu ni yeye, amerudi kazini. Ulikuwa mugonjwa? Juu ya nini hawa watu hawakutuambia? Tungetuma hata sabuni. Sasa sikiliza. Bakwe balirudi, mambo imekwisha, binti anaolewa mwezi wa nane. Nimekataa padri, nimekataa hata chef de quartier, mukubwa wa mutaa: kitovu ya siku ile ni yako, utakaa pembeni yangu. Nakukatia tiketi ya boti mimi mwenyewe. Uniambie tu siku."

Papa alikuwa amesimama na kidole cha waridi mkononi.

"Tumujibu nini?" Clarisse akauliza.

"Uliza jeran. Ni yeye alikataza."

Akaenda. Akarudi. "Jeran anasema tangazo lilikuwa la mwaka jana, ni faili ya zamani. Maneno ya kitovu leo iko kwa Shefu wa Kitovu."

Papa akatazama kitambulisho chake kama kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Nje, mzigo wa Masisi ulikuwa umefika, pikipiki zinapiga honi. Akainamia mstari, akabonyeza moja. Akabonyeza ya pili. Simu ikatikisika juu ya ubao. Clarisse akaisogeza karibu naye, taa yake ikiwaka, na safari hii Mama Christa alikuwa ameandika tu, maneno machache:

"Mama, siku gani?"